Siwa ya bronzi hatua chache kutoka baharini: mkataba, ukaguzi na matunzo

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni katibu wa kamati inayosimamia sanamu itakayowekwa mbele ya jengo la serikali hapa Lamu, karibu kabisa na ukingo wa maji. Tumekubaliana iwe siwa, ile pembe kubwa ya heshima ya kupulizwa, ya bronzi na iliyosimama wima, kimo chake mita 2.4, mdomo mpana ukiangalia juu. Mjumbe mmoja asema bronzi haishiki kutu, basi tusipoteze pesa kwa mambo ya ziada. Mwengine ataka tutengeneze ya faiba tuipake rangi ya shaba ili tuokoe bajeti. Msanii yuko Nairobi na ametupa bei moja ya jumla bila maelezo yoyote. Tuandike nini kwenye mkataba, tukague nini, na baadaye tuitunze vipi?

JIBU: Wa alaikumu salaam, ndugu katibu.

Mjumbe wenu wa kwanza amesema nusu ya kweli. Bronzi haiozi kama nondo, na ule utando wa kahawia au kijani unaoota juu yake huilinda metali iliyo chini. Lakini hewa ya Lamu imebeba chumvi, hasa miezi ya kusi bahari inapochafuka. Chumvi ikipenya kwenye kitundu na kukaa pale na unyevu, huzaa kloridi ya shaba. Kloridi hiyo ikikutana na maji na oksijeni hutoa asidi, asidi hula shaba na kuzaa kloridi nyingine, na mzunguko huo haukomi wenyewe.

Sanamu ya bronzi pwani huharibika kuanzia ndani. Kinachoiharibu ni chuma kilichosahauliwa tumboni mwake, maji yasiyokuwa na pa kutokea, na chumvi iliyojificha kwenye vitundu. Chuma, vitundu na mashimo ya kukusanya maji hufungiwa karakana, miezi kadhaa kabla sanamu haijafika Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu. Ikishafika imeshapakwa rangi na kung'arishwa, hakuna jicho litakaloyaona. Kwa hivyo kipengele cha thamani kuliko vyote katika mkataba wenu ni haki ya kuangalia ndani kabla hapajafungwa. Mkikosa hicho, hata msanii hodari atawaachia kazi msiyoijua.

Kuhusu faiba nitasema kidogo. Ndani ya ukumbi haina neno. Nje, jua la hapa huvunja resini, ngozi hupauka na kuota nyufa nyembamba, maji huingia, na kiunzi cha chuma kilicho ndani huvimba kwa kutu na kuipasua. Bajeti ikiwa ndogo, punguzeni kimo lakini msibadilishe metali. Siwa ya mita 1.8 badala ya 2.4 huwa na eneo la ngozi la asilimia 56 tu, na bronzi hulipiwa kwa eneo hilo na kwa saa za mafundi. Ikiinuliwa juu ya msingi mzuri, hakuna mpita njia atakayeiona ndogo.

Nawapongeza pia kwa kuchagua siwa. Siwa ya shaba ya Lamu iliyomo makumbusho, jirani ya ile ya pembe iliyotoka Pate, yenyewe ilisubiwa kwa njia ya nta (nta huyeyushwa itoke na metali ya moto humiminwa mahali pake), na ndiyo njia atakayoitumia msanii wenu. Huko Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walipata sanamu ndogo ya simba ya bronzi katika tabaka za miaka karibu 900 iliyopita. Kwa hivyo mwambieni msanii aje aitazame siwa ya makumbusho kwa macho yake, apime mapambo yake na maandishi yake, kabla hajashika udongo. Picha za simu hazionyeshi kina cha nakshi, na nakshi isiyokuwa na kina cha milimita 3 au 4 hupotea ikishapigwa msasa na kupakwa nta.

Sasa metali. Kwenye mkataba andikeni viambato kwa asilimia, msiishie kuandika "bronzi". Mimi napendekeza bronzi ya silikoni: shaba nyekundu asilimia 94 au zaidi, silikoni 3.5 hadi 4.5, manganizi 0.8 hadi 1.5. Haina risasi, humiminika vizuri, na huchomelewa kwa TIG (umeme chini ya gesi ya kinga) kwa fito za metali ileile, kwa hivyo mishono haionekani baadaye. Karakana nyingine hupenda ile ya 85-5-5-5, yaani shaba 85, kisha bati, zinki na risasi tano tano. Hiyo pia hustahimili bahari, ila risasi iliyomo husumbua wakati wa kuchomelea, na siwa ya vipande vingi ina mishono mingi.

Msikubali kabisa mabomba, mikono ya mifereji na vipuri chakavu vilivyoyeyushwa pamoja. Mchanganyiko huo aghalabu ni shaba ya manjano yenye zinki asilimia 30 hadi 40. Hewa ya chumvi huinyofoa zinki na kuacha shaba nyekundu yenye vitundu, dhaifu kiasi cha kuchimbika kwa ncha ya kisu. Kwa macho hutaitofautisha na bronzi siku ya kukabidhiwa. Kwa hivyo dai vitu viwili: cheti cha vinoo vya metali kutoka kwa muuzaji, na kipande cha sampuli cha ukubwa wa kiberiti kutoka kila mmimino, kimegongwa namba ya mmimino huo. Kipande hicho hupimwa kwa mashine ya eksirei na jibu hutoka papo hapo. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kazi nzima.

Kimo nacho kina mtego wake. Bronzi ikipoa hunywea kwa asilimia 1.5 hadi 2, na nta hunywea kidogo kabla yake. Udongo wa mita 2.4 hautoi siwa ya mita 2.4, utapoteza sentimita 4 au zaidi. Mkataba useme kimo ni cha kazi iliyokamilika, kisha msanii aongeze mwenyewe kwenye udongo. Jambo hilohilo lahusu matundu ya boliti: msitoboe msingi kwa kufuata mchoro. Subirini sahani ya chini ya sanamu yenyewe, ichorwe kwenye ubao wa plaiwudi, ubao huo uletwe Lamu, na matundu yatobolewe kwa kuufuata.

Kabla ya udongo mkubwa, dai mfano mdogo wa moja kwa tano, yaani sentimita 48, kamati iusaini. Mabadiliko kwenye mfano huo hugharimu siku chache. Kwenye nta hugharimu wiki, na kwenye bronzi hugharimu pesa ambazo hamna.

Udongo ukishakubaliwa, hutolewa kalibu ya mpira wa silikoni iliyoshikiliwa na ganda gumu la plasta au faiba. Ndani ya kalibu hupakwa nta, na nta hiyo ndiyo itakayokuwa unene wa bronzi. Hapa ndipo ziara yenu ya kwanza ya maana inapoangukia. Unene uwe milimita 5 hadi 6 kila mahali. Chini ya 4, metali hupoa kabla haijafika mwisho, na mikondo miwili ikikutana ikiwa imepoa huacha mstari ambao haukuungana. Mstari huo ni ufa unaongoja siku yake. Ikizidi 10 mahali pamoja, sehemu hiyo hupoa mwisho, hunywea na kuchanika. Pimeni kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) kwenye kingo, na katikati kwa sindano yenye alama. Fundi mzuri hatakasirika, yeye mwenyewe hupima hivyo.

Nta huwekewa mifereji ya kumiminia na njia za kutolea hewa, kisha huchovywa kwenye uji wa silika na kumwagiwa mchanga wa silika, tabaka 8 hadi 10, kila tabaka likauke vizuri. Gamba hilo hutiwa kwenye joto kali kwa ghafla ili nta iyeyuke na kutoka haraka. Likipashwa polepole, nta huvimba ndani na kulipasua. Kisha huokwa mpaka lisibaki na unyevu, na bronzi humiminwa kwenye nyuzi kati ya 1,100 na 1,200. Unyevu uliobaki kwenye gamba, au metali iliyopashwa kupita kiasi, hutia gesi ndani ya bronzi na kuijaza vitundu vidogo. Kwa mjini Nairobi vitundu hivyo ni kasoro ya sura. Kwa Lamu kila kimoja ni nyumba ya chumvi.

Kujua uzito ni rahisi. Mita moja ya mraba ya ngozi ya milimita 6 ina kilo 52. Siwa ya mita 2.4 yenye umbo mlilolieleza itakuwa na ngozi ya kama mita 4 za mraba, basi kilo 208. Ongezeni sahani na kiunzi cha ndani, mfike karibu kilo 300. Msanii akiwaambia kilo 600 muulizeni unene, na akiwaambia 120 muulizeni pia. Metali atakayonunua itazidi hiyo, kwa kuwa mifereji ya kumiminia nayo hujaa bronzi, lakini hiyo hukatwa na kuyeyushwa upya. Msilipie uzito wake kama wa sanamu.

Ziara ya pili, ambayo nisingekubali iahirishwe kwa sababu yoyote, ni pale vipande vimeshatoka kwenye gamba, vimepigwa mchanga kwa kompresa, na bado havijaungwa. Leteni sumaku yenye nguvu, taa ndogo na kioo cha mkono. Wakati wa kusubu, sehemu za ndani hushikiliwa zisisogee kwa misumari inayopita kwenye ngozi. Ikiwa misumari hiyo ni ya chuma na ikaachwa, mwaka wa pili mtaona duara za kahawia zikitoka juu ya bronzi, kisha machozi ya kutu yakiteremka. Pitisheni sumaku polepole juu ya ngozi yote. Inapovuta, pana chuma. Kila msumari utolewe, tundu lijazwe kwa bronzi iliyochomelewa. Ndani pawe peupe, pasiwe na mabaki ya gamba wala plasta. Mabaki hayo hunywa maji na kuyashika pamoja na chumvi yake, na metali iliyo chini haikauki tena. Vitundu vionekanavyo vitobolewe hadi metali nzima, vichomelewe. Kwa vile visivyoonekana, weka taa kali ndani ya kipande usiku, zima taa za karakana, utazame nje: mwanga utapenya palipo na tundu.

Fila ya magari na gundi za epoksi zikatazwe kwa maandishi kwenye ngozi ya sanamu. Hazishiki rangi ya moto, kwa hivyo fundi hulazimika kuzipaka rangi ya kopo juu, na baada ya jua la miezi michache kiraka huonekana waziwazi.

Kiunzi cha ndani ni swali la metali mbili kugusana. Bronzi ikigusana na chuma cha kawaida, alumini au zinki mahali penye maji ya chumvi, bronzi husalimika na mwenzake huliwa. Ndiyo maana boliti zilizopakwa zinki hazifai: zinki huenda kwanza, chuma hufuata, na siku moja sanamu husimama kwa mazoea tu. Tumieni stenlesi ya daraja la 316 kwa bomba la ndani, sahani, boliti, nati na washa. Ile ya 304 ni rahisi kupatikana na bei yake yavutia, lakini haina molibdeni, metali inayoikinga na chumvi, na kando ya bahari huota madoa ya kahawia. Sumaku haitofautishi 316 na 304. Dai cheti cha kiwanda, au mtumie dawa ya matone ya kupimia molibdeni. Ikiwezekana, boliti zinazogusa bronzi moja kwa moja ziwe za bronzi ya silikoni, na penye stenlesi pawe na washa na mikono ya nailoni katikati.

Nguvu ya kiunzi hicho wengi huipigia hesabu ya upepo peke yake. Upepo wa mita 35 kwa sekunde utaisukuma siwa yenu kwa nguvu ya karibu kilo 80, iliyotapakaa mwili mzima. Vijana watatu wakiushika mdomo wake na kuuvuta kwa upande ni kilo 200 na zaidi, juu kabisa, mbali na msingi. Mhandisi apige hesabu ya vijana hao, kwa sababu watakuja usiku wa sherehe ya kwanza. Bomba la ndani lenye kipenyo cha milimita 90 hivi, lililoungwa kwenye sahani ya milimita 12, ndiyo mahali pa kuanzia mazungumzo naye.

Sasa ule mdomo unaoangalia juu. Hapa ndipo siwa yenu ilipo na hatari kuliko sanamu ya mtu au ya jahazi. Mdomo wazi ni faneli: utapokea mvua ya masika, vumbi, majani, vinyesi vya ndege na viota, na vyote vitashuka kwenye shingo nyembamba na kuziba. Mwambieni msanii aweke sahani ya bronzi ndani ya mdomo, sentimita 15 hadi 20 chini ya ukingo, ichomelewe kuzunguka pande zote. Mtu aliyesimama chini hataiona. Sahani isiwe bapa; iinamie upande mmoja, na upande ulio chini pawe na tundu la milimita 12 linalotoa maji nje nyuma ya siwa, mahali pa kivuli cha nakshi. Hata hivyo unyevu utaingia tu tumboni, kwa kuwa bronzi hupata joto mchana na kupoa usiku, na hewa ya ndani hutoa umande. Kwa hiyo chini kabisa, juu ya sahani ya msingi, pawe na matundu mawili au matatu ya milimita 8 hadi 10. Jaribio lake hufanyika karakana: kabla ya kufunga kipande cha mwisho mimina ndoo moja ya maji ndani, uone yanatoka yote kwenye matundu na hayatoki kwenye mshono wowote. Yakibaki hata kikombe kimoja, tundu liko juu mno.

Kipande cha mwisho kifungwe mbele ya mwakilishi wenu, au apelekewe picha za ndani zilizopigwa siku hiyohiyo, zenye namba za vipande. Malipo ya awamu hiyo yasitoke bila picha hizo.

Rangi ya bronzi haipakwi kwa brashi ya ukutani. Ngozi hupashwa moto kwa tochi ya gesi mpaka tone la maji likiigusa huvuma na kutoweka, kisha hupakwa dawa tabaka kwa tabaka. Feri nitreti hutoa kahawia na rangi ya kutu nyekundu, nitreti ya shaba hutoa kijani, na salfidi ya potasiamu hutoa weusi. Kahawia iliyokoza ndiyo ninayowashauri, maana bahari itaongeza ukijani wake taratibu na sura haitabadilika kwa mshangao. Mkataba ukataze dawa yoyote yenye kloridi, yakiwemo kloridi ya amonia na kloridi ya shaba. Mafundi huzipenda kwa sababu hutoa kijani kizuri upesi, lakini mnapozikubali mnakuwa mmeipandikiza chumvi ndani ya sanamu kabla bahari haijaianza. Vivyo hivyo asidi ya kusafishia vyoo na vigae isitumike kuosha mishono.

Juu ya rangi hupakwa nta wakati metali bado ina joto. Nta ya nyuki peke yake haitoshi. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na bronzi ya rangi nyeusi chini ya jua la saa saba mchana huukaribia mpaka huo. Nta italainika na kunasa mchanga. Itakiwe nta yenye karnauba, inayoyeyuka juu ya nyuzi 80, au nta ngumu ya petroli ya kuhifadhia metali. Kuna pia vanishi za akriliki zenye benzotriazoli (dawa ya kuikinga shaba isiliwe) ambazo hulinda zaidi kwa miaka michache. Sizipendekezi kwenu. Zikikwaruzwa, chumvi huingia chini yake na kutambaa, na kuziondoa kwahitaji viyeyusho vikali na fundi kutoka mbali. Nta aweza kuipaka mtumishi wa ofisi yenu baada ya kufundishwa asubuhi moja.

Kalenda yataka uangalifu. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na kamati nyingi husukuma kazi ikamilike Mei au Juni ili pesa zisirudi. Huo ndio wakati wa masika na kusi. Epoksi ya boliti haishiki vizuri kwenye tundu lenye maji, nta haishiki kwenye metali yenye umande wa chumvi, na bandari ina mawimbi. Pangeni usimikaji kati ya Januari na Machi, wakati wa kaskazi na ukavu. Kusubu na kumalizia siwa kama hii huchukua miezi 8 hadi 12, kwa hivyo mkataba usainiwe mapema mwaka mmoja kabla.

Msingi mnaweza kuujenga nyumbani, na mafundi wa Lamu wanautosha. Chimbeni mita 1.2 kwa 1.2, kina sentimita 60: hiyo ni karibu tani 2 za zege, nayo haitaangushwa na vijana wenu watatu. Simiti, mchanga na kokoto kwa 1 : 1.5 : 3. Mchanga usitoke ufuoni, na maji yasitoke kwenye kisima chenye chumvi. Nondo zifunikwe kwa zege la milimita 75 pande zote. Pungufu ya hapo zitavimba na kulipasua. Mwagilieni maji matamu siku saba. Boliti nne za milimita 20 ziingie milimita 300 ndani.

Kama mnataka kuuvisha msingi mawe ya matumbawe na chokaa, jueni kwamba maji ya mvua yanayoteremka kwenye bronzi hubeba shaba na kutia michirizi ya kijani kwenye chokaa nyeupe, na haitoki. Sahani ya chini itokeze nje ya msingi sentimita 3, na chini ya ukingo wake pachongwe mfereji mwembamba ili matone yadondoke bila kurudi ukutani. Ama mtumie graniti nyeusi juu, matumbawe chini.

Eneo likiwa ndani ya Mji wa Kale, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, nendeni kwa Makumbusho ya Taifa kabla ya kumlipa msanii shilingi ya kwanza. Wao ndio wenye mamlaka ya urithi chini ya sheria ya mwaka 2006, na kimo au mahali vikibadilika baada ya udongo kukamilika, gharama itakuwa yenu. Kwenye mkataba huohuo semeni nani anabaki na kalibu ya mpira na kama msanii aruhusiwa kutoa nakala nyingine.

Malipo nayapendekeza hivi: asilimia 20 mkataba ukisainiwa na mfano mdogo ukikubaliwa, 20 udongo ukikubaliwa, 30 baada ya ukaguzi wa vipande na wa ndani, 20 sanamu ikisimama Lamu, na 10 zibaki miezi 12. Miezi hiyo si ya kubahatisha. Yataka sanamu ipitiwe na kusi moja nzima, kwa sababu kosa la chuma au la tundu hujitokeza hapo.

Safari ni lori hadi gati ya Mokowe, kisha boti. Siwa ije ndani ya kreti, imelazwa juu ya magodoro, na kreti iandikwe upande ulio mzito: mdomo mpana ndio uliobeba uzito, na mtu akishika katikati kwa kukisia itampinduka. Mjini hamtapata kreni. Kwa kilo 300, miguu mitatu ya mabomba ya chuma au boriti nzima na cheni bloki ya tani moja vyatosha. Kamba ziwe mikanda ya nailoni, kamwe si minyororo juu ya bronzi, na sanamu iwe na masikio ya kuinulia yaliyoungwa kwenye kiunzi. Ishusheni saa moja kabla maji hayajajaa kabisa, ukingo wa boti ukiwa unakaribia sakafu ya gati. Bamvua huwapa kimo lakini maji hayasimami. Mkichelewa boti itashuka huku mzigo ungali kwenye mnyororo. Nahodha ndiye achague siku, na ofisi imfuate.

Ikishasimama, matunzo ni haya. Kila mwezi ioshwe kwa maji matamu, ya mvua kutoka birikani yakipatikana, na sabuni ya maji kidogo isiyokuwa na dawa ya kung'arisha. Tumieni brashi laini, suuzeni sana, kausheni kwa kitambaa. Miezi ya kusi fanyeni kila wiki mbili. Nta mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada ya kusi, asubuhi metali ikiwa kavu na vuguvugu: tabaka jembamba, ngojeni, sugueni kwa kitambaa cha pamba. Kopo la gramu 200 linatosha mwaka mzima na kubaki. Tumieni tochi kuangalia matundu ya maji na kuyapitisha waya wa plastiki.

Ndimu, ukwaju na majivu ni vya sinia za shaba nyumbani. Kwenye sanamu vitaondoa utando wa kinga kwa dakika chache. Kabla ya Madaraka au Mashujaa, ofisi ikitaka kupendeza, isipulizwe rangi ya dhahabu. Jengo likipakwa chokaa, sanamu ifunikwe. Na punda wasifungwe kwenye msingi, kwani amonia ya mkojo hushambulia shaba na huweza kuipasua penye mishono.

Mkiona doa la kijani, liguseni. Likiwa gumu na limeshikana na metali, ni utando wa kawaida, liacheni. Likiwa rangi ya kijani mpauko, laini kama unga, na mkilifuta linarudi, hilo ni ugonjwa wa kloridi. Lifutwe, lifunikwe kwa plastiki yenye pamba ya unyevu isiyogusa metali kwa siku mbili. Unga mpya ukitokea, hakuna shaka tena. Hapo palipougua pakwanguliwe hadi metali safi, pasuuzwe kwa maji yaliyotolewa madini yanayouzwa ya betri (si asidi), mpaka tone la nitreti ya fedha likitiwa kwenye maji ya suuza lisiyafanye kuwa meupe. Pakauke kabisa, papakwe benzotriazoli ya asilimia 3 ndani ya spiriti, kwa glavu na mahali penye hewa, kisha nta. Doa likirudi mahali palepale mara ya tatu, tatizo liko nyuma yake, ndani. Muiteni msanii afungue kipande hicho, na ikiwa miezi 12 haijaisha, ile asilimia 10 bado iko mkononi mwenu.